Kushona msuli wa hewa wa kukunja kidole, hatua kwa hatua

Msuli wa hewa wa kitambaa ni mfuko mwembamba unaojazwa upepo. Jinsi ulivyokatwa na kushonwa ndiyo inayoamua kama utajikunja, utanyooka au utafupika. Ukiufunga juu ya mgongo wa kidole ndani ya glavu, nao ukajikunja, kidole hakina budi kuufuata. Hakuna mota wala chuma juu ya mkono, na upepo ukitoka kinachobaki ni nguo. Ndiyo maana misuli ya aina hii imependwa sana katika roboti za kuvaa: glavu za watu waliolegea mikono baada ya kiharusi, na vesti zinazosaidia kuinua bega.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1950 mwanafizikia Mmarekani Joseph McKibben alitengeneza mrija wa mpira uliovishwa wavu wa nyuzi ili kumsaidia binti yake aliyepooza mikono kwa polio. Msuli wake hufupika ukijazwa. Huu wa kwetu utajikunja. Kanuni ni ileile: hewa husukuma pande zote sawasawa, na nguo ndiyo inayoipa mwelekeo.

Kabla ya kushika mkasi, elewa jambo moja ambalo hatua zote zinalitegemea. Kazi ya kushika hewa na kazi ya kubeba nguvu ni kazi mbili, na zisipewe kitu kimoja. Fikiria mpira wa miguu: kibofu cha ndani ni laini na hakivuji, ngozi ya nje inavuja kila mahali lakini haitanuki. Kibofu kile kikipulizwa peke yake kinavimba mpaka kupasuka; ndani ya ngozi kinadumu miaka. Sisi pia tutatengeneza kibofu cha plastiki laini na mfuko wa kitambaa wa kukivisha.

Vifaa

Kitambaa cha nailoni chepesi kisichovutika, cha aina inayotumika kwa mahema na mabegi. Shiti laini ya TPU ya unene wa kama milimita 0.2 kwa ajili ya kibofu. Ni plastiki inayonyumbulika kama mpira na inayoshikana kwa joto. Ukiweza kuchagua, chukua ile ya polietha badala ya ile ya poliesta, kwa sababu ya poliesta huharibika kwa unyevu, na mkono unatoka jasho. Uzi wa poliesta, cherehani, pasi, karatasi ya kuokea, chaki, poda ya mwili, mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 4, kiungio kidogo cha plastiki chenye meno, lastiki, velkro na glavu nyepesi.

Kwa upepo, usikimbilie pampu ya umeme. Kipimo cha presha ya damu cha kubonyeza kwa mkono kinakupa pampu, geji na skrubu ya kuachia hewa katika kifaa kimoja, na kinafika milimita 300 za zebaki, sawa na kilopaskali 40. Kwa majaribio ya mwanzo hiyo inatosha kabisa, na ni salama: mkono wako utachoka kabla hujaleta balaa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya marinda

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, maana makosa ya hapa hayarekebishiki kwa kushona vizuri.

Msuli una vipande viwili vya kitambaa. Cha chini kinalala juu ya kidole na hakirefuki. Cha juu kina marinda, kwa hiyo kinaweza kurefuka. Hewa ikiingia, upande wa juu unarefuka, wa chini unabaki vilevile, na mfuko mzima unainama kuelekea chini. Swali ni: upande wa juu urefuke kiasi gani?

Jibu ni jiometri ya shule. Chukua pembe unayotaka, katika radiani, uzidishe kwa kimo cha mfuko kuanzia kwenye mshono hadi kileleni. Ili vidole vishike kikombe, jumla ya nyuzi (digrii) 180 katika viungo vyote vitatu inatosha, yaani radiani 3.14. Kimo chetu kitakuwa kama sentimita 1.6 (utaona kinatoka wapi hivi punde). 3.14 mara 1.6 ni sentimita 5. Basi kwa kidole ambacho mfuko wake una urefu wa sentimita 10, kipande cha chini kitakuwa sentimita 10 na cha juu sentimita 15, bila nafasi ya mshono.

Hizo sentimita 5 za ziada zinagawanywa kwenye marinda. Kidole hakijikunji kote, kinajikunja kwenye viungo tu, kwa hiyo marinda yasitapanywe sawasawa kama ya sketi ya shule. Weka 3 juu ya kifundo cha ngumi, 3 juu ya kiungo cha kati, na 1 juu ya kiungo cha karibu na kucha. Yako 7, kila moja linameza milimita 7 za kitambaa, yaani mkunjo wenye kina cha milimita 3.5. Katikati ya viungo kitambaa kibaki bapa.

Sasa upana. Wengi wanaoanza hukata vipande viwili vyenye upana sawa, kisha wanashangaa msuli unakuwa mgumu kama fimbo badala ya kujikunja. Sababu ni hii: mfuko uliojaa upepo hupenda kuwa duara. Vipande vikiwa sawa, mishono inakaa katikati ya duara hilo, nusu ya hewa iko juu ya mishono na nusu iko chini. Mishono hairefuki, kwa hiyo ndiyo bawaba ambayo msuli unazunguka. Hewa ya juu inakunja, ya chini inakunjua, na mwishowe zinamalizana. Dawa yake ni kufanya kipande cha chini kiwe chembamba na cha juu kiwe kipana, ili mishono ishuke na hewa nyingi ikae juu yake.

Kwa kidole cha mtu mzima, kata cha chini upana wa sentimita 2 na cha juu sentimita 4.4. Mzunguko wote ni sentimita 6.4, kwa hiyo duara lake lina kipenyo cha kama sentimita 2, na mishono inakaa karibu nusu sentimita juu ya sakafu ya duara. Ndiyo hiyo sentimita 1.6 iliyobaki juu. Vipimo hivi ni vya ndani ya mshono. Ongeza sentimita 1 kila upande.

Hatua ya 2: Jua utapata nguvu kiasi gani

Nguvu ya hewa ni presha mara eneo. Duara la sentimita 2 lina eneo la kama sentimita za mraba 3.2. Kilopaskali 40 ni nyutoni 4 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo ncha ya mfuko inasukumwa kwa takribani nyutoni 13. Usifurahi mapema. Nguvu hiyo inapita sentimita 0.6 tu juu ya bawaba, ilhali ncha ya kidole iko sentimita 8 kutoka kifundo cha ngumi. Ukigawanya, ncha ya kidole inapata nyutoni 1, uzito wa gramu 100 hivi. Kwa kilopaskali 100 utapata nyutoni 2 na nusu hivi. Na hicho ndicho kiwango cha juu, msuli ukiwa umenyooka. Kadiri marinda yanavyofunguka nguvu inapungua, na yakiisha kufunguka inakuwa sifuri.

Kwa kukunja kidole kilicholegea inatosha. Kwa kubeba ndoo haitoshi, na anayekuahidi hivyo kwa msuli wa ukubwa huu hajapiga hesabu. Ukihitaji nguvu zaidi, kuongeza kipenyo kunalipa kuliko kuongeza presha. Presha ikiwa mara mbili, nguvu ya kukunja ni mara mbili. Kipenyo kikiwa mara mbili, ni mara 8. Tatizo ni kwamba kidole kinageuka ndizi.

Mshono nao una hesabu yake: mvuto kwenye kitambaa ni presha mara nusu ya kipenyo. Kwa kilopaskali 100 na nusu kipenyo cha sentimita 1, kila sentimita ya mshono inavutwa kwa nyutoni 10. Ukishona hatua ya milimita 2.5 (nafasi kati ya tundu moja la sindano na linalofuata), zipo hatua 4 kwa sentimita, kila moja inabeba nyutoni 2.5. Uzi mzuri wa poliesta hausikii. Lakini kumbuka kwamba mfuko mpana zaidi unavuta mshono zaidi kwa presha ileile. Mfuko wa paja haushonwi kama wa kidole.

Hatua ya 3: Kata kwa kufuata uzi

Nailoni iliyofumwa haivutiki ukiivuta kwa kufuata mtande (nyuzi za urefu) au mshindio (nyuzi za upana), bali huvutika ukiivuta kwa mshazari. Jaribu kwa vidole, utasikia tofauti mara moja. Kipande cha chini lazima mtande uende sambamba na kidole. Ukikikata kimeinama kidogo tu, kitarefuka chini ya mzigo, na msuli utajipinda kama skrubu badala ya kukunjika.

Chora kwa chaki, weka alama za viungo vitatu kwenye vipande vyote viwili, kisha kata. Pembe za mwisho zizungushe. Kona kali ni mahali pa kwanza kupasuka. Ukingo unaochomoza nyuzi uuchome kidogo kwa moto wa kiberiti.

Hatua ya 4: Tengeneza kibofu

Kibofu kiwe kikubwa kuliko mfuko, kwa upana na kwa urefu. Kikiwa kidogo, kitavutika kabla hakijafika kwenye kitambaa, na kazi ya kubeba nguvu itamrudia asiyeiweza. Mfuko wetu una mzunguko wa sentimita 6.4, basi kibofu kiwe na upana wa ndani wa sentimita 3.8 kikiwa bapa, yaani mzunguko wa 7.6, na urefu wa sentimita 16.5. Mikunjo ya ziada ndani ya mfuko haina madhara.

Kata vipande viwili vya TPU pamoja na shingo ya kupitisha mrija, uvifute kwa spiriti, uviweke kati ya karatasi mbili za kuokea. Piga pasi kwenye kingo tu, upana wa milimita 5 au zaidi. Joto halina namba moja inayofaa kila shiti, kwa hiyo anza na vipande vya taka: ongeza joto kidogo kidogo mpaka vishikane kiasi kwamba ukivitenganisha plastiki inachanika pembeni ya kiungo badala ya kubanduka. Ikianza kuwa nyembamba au kuonyesha viputo umepitiliza. Usiibandue karatasi ikiwa ya moto. Bonyeza kwa kitu baridi, subiri, halafu bandua.

Adui mkubwa hapa ni mkunjo mdogo uliofungiwa ndani ya kiungo. Unaonekana kama unywele, na ndimo upepo unamopitia. Ukiuona, usijaribu kuuziba kwa gundi. Piga pasi mstari mwingine ndani yake au uanze upya.

Kuhusu mrija: shingo ikiwa bapa, upana wake wa ndani uwe nusu ya mzunguko wa kitu kinachoingia. Kwa kipenyo cha milimita 4 ni kama milimita 6, ili iingie kwa kubana. Chomeka kiungio chenye meno, si mrija mtupu, kwa sababu mrija laini ukifungwa kwa uzi unajibana wenyewe na kuziba njia. Zungushia uzi imara juu ya meno, ukaze, ufunge fundo.

Sasa zamisha kibofu ndani ya maji, ukitie upepo kidogo tu, na uangalie viputo. Kibofu kikiwa uchi kisijazwe kwa nguvu, kiwe kimevimba tu bila kukazika.

Hatua ya 5: Shona

Kunja marinda kwenye kipande cha juu, kila moja mahali pake, na uyashikize kwa mshono mrefu wa muda kando kando tu. Katikati pasiguswe na sindano, ndipo panapofunguka. Marinda yote yakishakunjwa, kipande cha juu kitakuwa na urefu sawa na cha chini. Kama si sawa, hesabu za hatua ya kwanza zimekosewa mahali, zirudie kabla ya kuendelea.

Kwa sababu cha juu ni kipana, kitatuna katikati ukilinganisha kingo. Ndivyo inavyotakiwa. Bana kwa vibanio, si kwa pini. Shona mstari wa kwanza kwa hatua ya milimita 2.5, kisha wa pili milimita 3 nje yake, ukirudi nyuma kidogo mwanzoni na mwishoni. Acha upande wa kifundo cha mkono wazi.

Paka kibofu poda, kitie ndani kwa kijiti butu, kinyooshe kisijisokote, kisha funga mdomo wa mfuko kwa mkono huku shingo ikitokeza. Poda inakifanya kibofu kiteleze na kujipanga chenyewe kila kinapojazwa. Bila poda kinanata kwenye kitambaa na kuvutika sehemu moja tu.

Hatua ya 6: Jaribu mezani, bila mkono ndani

Tia upepo mpaka kilopaskali 10, angalia umbo. Endelea 20, 30, 40. Msuli mzuri unajikunja kwenye viungo vitatu vinavyoonekana. Ukiinamia upande mmoja, marinda hayako sawa kushoto na kulia. Ukikataa kujikunja kabisa huku umejaa, angalia kama mshono wa muda ulipita katikati ya marinda.

Kwa kuvuja, jaza, funga skrubu, na usisome geji hapohapo. Hewa iliyobanwa hupata joto, na ikipoa presha inashuka kidogo hata kama hakuna tundu. Subiri dakika mbili, andika namba, rudi baada ya dakika 10.

Ukitaka kupima hadi mara mbili ya presha ya kazi, jaza maji badala ya hewa, kwa bomba kubwa la sindano. Maji hayabanwi kirahisi, kwa hiyo mfuko ukipasuka unalowa tu. Hewa iliyobanwa huruka na vipande. Miwani ya kinga ivaliwe katika hali zote mbili, na kompresa ya gereji isiunganishwe moja kwa moja hata siku moja.

Hatua ya 7: Uweke kwenye glavu

Kuna jambo linalosahaulika hapa. Ngozi ya mgongo wa kidole hurefuka kidole kikikunjwa. Kidole chenye unene wa sentimita 1.5 kikikunjwa nyuzi 180, mgongo wake unaongezeka kama sentimita 2.4. Msuli wetu upande wa chini haurefuki. Ukiushona kwenye glavu kuanzia ncha hadi kifundo cha mkono, utazuia kazi uliyoutengenezea.

Kwa hiyo shikiza ncha yake imara kwenye ncha ya kidole cha glavu, upitishe katikati ndani ya vitanzi vya kitambaa, na mwisho wa nyuma uufunge kwa lastiki kwenye mkanda wa kifundo cha mkono. Utateleza mbele unapojikunja na lastiki itaurudisha. Kila mshono upite kwenye nafasi ya nje ya mishono miwili, kamwe usipite ndani. Tundu moja la sindano kwenye kibofu na kazi yote imekwisha.

Glavu iwe wazi kiganjani na ifungwe kwa velkro. Mkono uliokaza hauingii kwenye glavu ya kawaida, na wanaowasaidia wagonjwa kuvaa wanajua vita vyake. Mvaaji asiyehisi vizuri hatasema kwamba anaumia, kwa hiyo glavu ivuliwe kila baada ya muda mfupi na ngozi iangaliwe: wekundu usiotoweka unamaanisha umebana mno. Kwa mgonjwa, fanya haya pamoja na mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo.

Hatua ya 8: Ukiwa tayari kwa pampu na vali

Kila msuli unahitaji vali mbili za solenoidi (zinazofunguka na kufunga kwa umeme), ya kuingiza na ya kutoa, sensa ya presha, na kompyuta ndogo kama Arduino ya kusoma sensa na kufungua vali. Vali ya kutoa iwe ya aina inayobaki wazi umeme ukikatika, ili betri ikifa mkono uachiwe wenyewe. Ongeza vali ya usalama isiyotegemea programu, na kitufe ambacho mvaaji anakifikia kwa mkono wa pili.

Kuhusu kasi, msuli huu ukiwa umejikunja una ujazo wa kama sentimita za ujazo 40. Kwa kilopaskali 100 juu ya hewa ya kawaida unameza maradufu, 80. Pampu ndogo iliyoandikwa lita 2 kwa dakika inatoa 33 kwa sekunde ikiwa haina mzigo, na inatoa pungufu presha ikipanda. Kidole kimoja ni sekunde mbili na nusu kwa uchache. Vinne kwa pamoja vinakaribia 10. Anayevaa glavu ataona ni uvivu. Tumia chupa ya akiba ya hewa, au punguza ujazo uliokufa (nafasi ya hewa isiyofanya kazi, kama ya ndani ya mirija) kwa kufupisha mirija. Usiipunguze mirija kipenyo ili ipendeze, kwani hewa ikipita kwa utulivu, nusu ya kipenyo hupitisha moja ya kumi na sita tu. Mara nyingi kinacholalamikiwa ni kuachia, si kushika: wakati wa kutoa hewa hakuna pampu inayosukuma, ni lastiki na mvuto wa kidole chenyewe. Kwa hiyo vali ya kutoa iwe na tundu kubwa kuliko ya kuingiza.